Sakafu ya Kuanikia

Tulianza na ufagio wa chelewa, haukufua dafu.
Kuvu lilikuwa limelala juu ya mawe
kama mgeni aliyekwisha sahau kwao.
Nikashika kumbi la nazi, nikamwaga maji ya majivu,
nikapiga magoti.
Jiwe la kwanza lilinila asubuhi nzima.
Lilipotakata likawa jeupe, lina vitundu vitundu:
bahari imelala hapa Bopwe, juu ya kilima,
tangu hatujazaliwa sisi wa kuisugua.

Fundi Shaame alikuja siku ya pili
na mwiko, na pima maji, na kofia iliyofifia nakshi.
Akapita akigonga jiwe baada ya jiwe,
sikio chini, kama anayebisha hodi.
"Hili zima. Hili zima. Hili linaongopa."
Kisha akafika pale kaka yangu Mbarouk
alipoziba nyufa kwa saruji, mwaka aliorudi Tanga na pesa.
Akacheka peke yake.
"Jiwe hili linavuta pumzi. Ukilitia saruji
umelikaba pua. Maji yanakaa ndani, yanakula."
Tukaibandua saruji kipande kipande,
nayo ikatoka na ngozi ya jiwe.

Ndani ya nyufa mlikuwa na karafuu.
Makonyo, vichwa, vumbi,
hazina thamani ya senti,
lakini nilipozimwagia maji ya moto
ua mzima ukanuka msimu:
majamvi ukuta hadi ukuta,
sisi watoto tukizigeuza kwa nyayo,
na wingu dogo upande wa Mtambwe
likitosha kuwakurupusha wakubwa waache chai.
Baba kwenye kiti chake pale mlangoni,
daftari pajani, pishi mguuni.
"Mimina. Pangusa. Mimina."

Jiwe lililoongopa lilikuwa chini ya kiti kile.
Shaame alilitia mtaimbo, likanyanyuka bila ubishi,
na chini yake, ndani ya gunia lililooza,
pishi.
Si ile tuliyoijua. Ile iko kabatini kwangu,
napimia mchele.
Hii dada yake: mti uleule, pete ileile ya bati,
mdomo uleule. Tumbo tu limekombwa zaidi.

Sikusema kitu. Yeye naye.
Mama yake, Bi Riziki Faki, alichuma kwetu misimu kumi na mmoja.
Alisimama foleni ya jioni, kikapu kichwani,
akihesabu kimoyomoyo,
na kila jioni hesabu yake ikapungua mlangoni.
"Nimezeeka," alikuwa akisema. "Siku hizi nachuma kidogo."
Alikuwa na miaka thelathini.

Nilitaka kusema, labda ni ya mtu mwingine.
Nilitaka kusema, marehemu hasemwi.
Lakini aliyeifukia chini ya kiti cha baba ni nani, paka?

Shaame aliifuta kwa shati lake,
akaingiza mkono, akapapasa kina chake,
kisha akaliendea fungu la chokaa.
Akajaza. Akapangusa kwa mwiko, sawasawa na mdomo,
kwa haki ambayo pishi ile haikupata kuiona.
"Moja," alisema.
Akauendea mchanga. "Moja. Mbili. Tatu."
Tulichanganya mpaka Magharibi
bila neno ila hesabu.

Sasa sakafu iko sawa.
Vuli imekuja, maji yameteremka mferejini, hayakutuama.
Jiwe moja tu linacheza likikanyagwa, pale mlangoni.
Nilidhani fundi amelisahau.

Siku ya malipo nilihesabu noti mbele yake,
nikaongeza, nikaongeza tena.
Akachukua zake. Zilizozidi akaziweka juu ya jiwe lile
na changarawe juu yake zisipeperuke.
"Bei ni ile tuliyopatana."
Pishi ameondoka nayo, kwapani.

Mama yake yu hai bado. Haoni tena,
lakini vidole vyake vinajua kupima.